Kilikuwa Nini, Fundi?

Saa mbili usiku, nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam. Kompyuta imelazwa ubavu juu ya meza ya chakula, kifuniko kimefunguliwa, vumbi limeganda kwenye feni kama ukoga. Kijana wa nyumba hiyo anasomea usanifu wa majengo na michoro yake inatakiwa chuoni keshokutwa. Kadi ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo, imegoma tangu jana. Herufi zimekuwa kubwa na zenye ukungu, programu ya kuchorea haifunguki, na kwenye orodha ya vifaa ya Windows jina la kadi limebandikwa kipembetatu cha njano chenye alama ya mshangao. Ukikibofya, mashine inakwambia imekisimamisha kifaa hiki kwa sababu kimeripoti matatizo. Halafu mabano, na ndani ya mabano namba 43.

Fundi aliyeitwa na mama wa kijana hana maneno mengi. Anapuliza vumbi. Anachomoa kadi, anasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli mpaka yanang'aa, anairudisha na kuikandamiza mpaka kibanio kinalia. Anachomoa waya wa umeme wa kadi na kuuchomeka upya. Anawasha mashine katika hali salama na kufuta draiva iliyokuwemo, yaani ile programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi; anaing'oa na mizizi yake kwa kutumia programu ya kufutia iitwayo DDU. Anazima Wi-Fi. Kisha anasakinisha toleo la zamani kidogo la draiva alilokuja nalo kwenye flashi. Kioo kinazimika ghafla, wote roho mkononi, kinawaka tena. Herufi zimerudi kuwa ndogo na safi. Kipembetatu hakipo.

"Kilikuwa nini, fundi?" anauliza mama.

"Draiva tu, mama."

Jibu limepokelewa, chai imeletwa, hela imelipwa. Hata hivyo fundi amefanya mambo sita na ametaja moja. Amejuaje kwamba ni hilo?

Swali hilo lilianza kuwasumbua watu kabla ya kompyuta, kabla hata ya umeme. Mwaka 1095, mjini Baghdad, Abu Hamid al-Ghazali alikamilisha kitabu chake Tahafut al-Falasifa, na katika suala la 17 la kitabu hicho aliuhoji uhusiano wa sababu na tokeo. Mfano wake wa pamba na moto unajulikana sana: jicho huona pamba ikiungua pale inapokutana na moto, lakini halioni kwamba moto ndio uliounguza. Humo humo kuna mfano mwingine usiotajwa sana, nao unamfaa zaidi fundi wa Tabata. Ghazali anamfikiria mtu aliyezaliwa na utando machoni, asiyewahi kusikia habari ya usiku na mchana. Siku moja, jua likiwaka, utando unaondolewa, naye anafumbua macho na kuona rangi. Ukimuuliza ni nini kilichomwonesha rangi, atasema ni kufumbuka kwa macho yake. Jibu lake linaridhisha kabisa, mpaka jua litue. Macho yangali wazi, utando haupo, na rangi zimetoweka. Hapo ndipo anapotambua kwamba kulikuwa na mwanga, na kwamba siku nzima hakuwa ameuhesabu.

Huyo mtu hakudanganya. Alilitaja jambo alilolifanya, lililofuatwa na jambo alilolitamani. Kila aliyewahi kuhangaika na kadi ya picha anaijua hali hiyo. Umefuta draiva, kadi imepona, basi tatizo lilikuwa draiva. Lakini ili kusafisha meno ya kadi, fundi alilazimika kuichomoa na kuirudisha. Huenda ilikuwa imelegea tu, maana kadi hizi ni nzito na huning'inia kwa uzito wake. Huenda waya wa umeme ulikuwa haujazama sawasawa: tundu la kadi kwenye bodi hutoa wati 75 kwa wingi, na kadi inayohitaji zaidi hutegemea waya wake wa pembeni. Huenda kuzima Wi-Fi ndiko kulikosaidia, kwa kuwa Windows ina tabia ya kuleta draiva yake yenyewe kutoka intaneti mara inapoona kadi haina, na usakinishaji wa aina mbili kwa wakati mmoja ukavurugana. Na huenda kadi inakufa taratibu, ikapata nafuu ya usiku mmoja kwa sababu ilizimwa ikapoa.

Namba 43 haisaidii kuchagua. Hiyo si sababu, ni kilio. Mtoto mchanga hulia kwa njaa, kwa chango na kwa joto, na kilio ni kile kile.

Kuna kadi zinazolia hivyo kwa sababu ya uongo zilioandikiwa. Draiva inaposakinishwa, kwanza huiuliza kadi jina lake, na kadi hujibu kwa namba: 10DE maana yake imetoka NVIDIA, 1C82 maana yake ni GTX 1050 Ti. Namba ikiwa kwenye orodha ya draiva, kazi inaendelea; isipokuwemo, mtu anaambiwa hakuna kifaa kinachofaa. Sasa wapo waliogundua kwamba kadi kuukuu, kama GTS 450 ya mwaka 2010, inaweza kuandikwa upya kumbukumbu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya, ikauzwa kwa bei ya hilo jina. Udanganyifu huu ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya GPU-Z, ambayo wengi huitumia kukagua kadi, iliongezewa uwezo wa kuzitambua kadi za namna hiyo na kuzibandika neno la bandia mbele ya jina. Mnunuzi aliyetapeliwa anaweza kukesha akibadilisha draiva moja baada ya nyingine, kila moja ikianguka, wakati draiva zote ni nzima. Amempa hukumu shahidi, akamwacha mshitakiwa.

Na kuna kisa kingine cha namba 43 kinachogusa falsafa kwa karibu zaidi. Kwa miaka kadhaa, watu waliokuwa wakiendesha Windows ndani ya Linux, yaani kompyuta iliyoigizwa ndani ya kompyuta halisi, walikuta kwamba wakiikabidhi Windows hiyo kadi ya GeForce, draiva inasakinishwa vizuri kisha kipembetatu kinatokea: 43. Walibadilisha nyaya, wakabadilisha matoleo. Baadaye ikajulikana kwamba ukiizuia draiva isitambue kuwa imo ndani ya kompyuta ya kuigiza, kadi inafanya kazi bila wasiwasi. Draiva ilikuwa inachungulia mahali ilipo, na ikigundua, inakataa. Mwaka 2021 NVIDIA ilitoa draiva iliyoruhusu matumizi hayo. Kadi zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu.

Hapa mjadala wa kale unapata sura mpya. Takriban karne moja baada ya Ghazali, Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu kwa kitabu kizima, na moja ya hoja zake ni kwamba mwenye kuziondoa sababu ameiondoa akili yenyewe, kwa kuwa akili ni kuvitambua vitu pamoja na sababu zake. Katika maumbile mtu anaweza kubishana daima kati ya wawili hao. Katika kompyuta Ibn Rushd ana nguvu zaidi, kwa kuwa hakuna mstari wa draiva ambao haukuandikwa. Mahali fulani yupo mtu anayejua, au aliyewahi kujua, kwa nini namba 43 imetoka. Ujinga uliopo si wa vitu, ni wa waliosimama mbele ya vitu wakiwa wamefungiwa mlango. Nao mlango huo si wa kimaumbile: sehemu kubwa ya draiva za kadi za NVIDIA haikuwa wazi kusomwa na umma, na hata mwaka 2022, kampuni hiyo ilipochapisha sehemu ya draiva yake ya Linux inayokaa kwenye kiini cha mfumo, sehemu nyingine zilibaki zimefungwa. Kijana wa Tabata anaikabili mashine iliyotengenezwa na binadamu wenzake kama vile mkulima anavyoikabili mvua. Hilo ni jambo la kusikitisha, na halikuwa la lazima.

Je, aliyefungiwa mlango anaweza kujua lolote? Anaweza, na njia yake ilielezwa na tabibu. Ibn Sina, katika kitabu cha pili cha al-Qanun fi al-Tibb, kazi aliyoikamilisha karibu mwaka 1025, aliweka masharti ya kujaribu dawa. Mojawapo ni kwamba dawa ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, maana mgonjwa mwenye maradhi mawili akipona hutajua dawa imetibu lipi. Lingine ni kwamba athari ionekane kila mara, kwani inayotokea mara moja na kukosekana mara nyingine yaweza kuwa ni bahati tu. Tabibu huyo hakuwa na kadi wala draiva, lakini masharti yake yanamkuta fundi wa leo palepale alipo: amempa mgonjwa dawa sita kwa mkupuo mmoja.

Kufanya jambo moja moja, basi. Ingawa hata hilo halitoshi. Turudi kwa mtu wa Ghazali: kufumbua macho mara elfu wakati wa mchana kusingemfundisha habari ya mwanga. Alijifunza kwa kuwa jua lilitua. Mwenye kutaka kujua sababu hana budi kukubali kuurudisha ugonjwa: aiweke draiva mbovu tena aone kama kipembetatu kinarudi, aitoe aone kama kinaondoka. Tabibu hawezi kumfanyia hivyo binadamu bila dhambi. Mashine inaruhusu. Haina uchungu, haina mauti, inaweza kutiwa ugonjwa na kuponywa mara kumi kwa jioni moja na asubuhi ikawa kama ilivyokuwa. Ni neema kubwa kwa mwenye kutafuta maarifa, na hutumiwa na wachache mno.

Sababu ya uchache huo inaeleweka. Fundi ana mashine nyingine tatu zinazomngoja, na umeme unaweza kukatika. Mama amelipia uzima, hakulipia maarifa. Akimwona fundi anaiharibu tena kompyuta iliyokwisha kupona, atamtoa nje. Haitakuwa haki kumlaumu mtu huyu kwa kutofanya utafiti ambao hakuna aliyeuagiza.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakigharimu hata dakika, nacho anadaiwa. Imam Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 795, inasimuliwa kwamba aliulizwa maswali 48, na katika 32 kati yake alijibu "sijui". Alikuwa imam mkubwa wa mji wake, na jibu hilo halikumpunguzia kitu. Wanafunzi wake ndio waliolihifadhi. Fundi wa Tabata angeweza kusema: "Mama, nimefanya mambo sita na imepona, lakini lipi kati ya hayo lilikuwa tatizo, hilo sijui." Sentensi hiyo ina faida ya moja kwa moja. Mwenye kuisikia atajua kwamba kipembetatu kinaweza kurudi, na kikirudi atakuwa na orodha ya pa kuanzia. Aliyeambiwa "draiva tu" ataendelea kufuta draiva hata siku kadi itakapoanza kunuka moshi.

Inawezekana, bila shaka, kwamba fundi alipatia. Mafundi wenye uzoefu hupatia mara nyingi, na mkono uliofungua mamia ya mashine huona mambo ambayo mdomo hauwezi kuyaeleza. Ila kupatia si kujua. Plato aliligusa hilo katika mazungumzo yaitwayo Meno: mwenye dhana sahihi ya njia iendayo Larissa atafika sawa na anayeijua njia, tofauti ni kwamba dhana haijafungwa kamba, hutoroka. Fundi akibishiwa kidogo tu, "mbona yule mwingine aliniambia ni waya?", hana cha kushikilia.

Kijana alipeleka michoro yake chuoni kwa wakati. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, mama akiwa jikoni, aliketi mbele ya kompyuta na kuiwasha Wi-Fi kwa makusudi. Hakufungua kifuniko. Aliiruhusu Windows ilete draiva yake, akasubiri. Ilichukua kama nusu saa. Kioo kikazimika, kikawaka, herufi zikavimba, na kipembetatu cha njano kikakaa mahali pake pa zamani. Akazima Wi-Fi, akafuta draiva, akarudisha ile ya kwenye flashi. Kipembetatu kikaondoka. Akaandika saa na alichokifanya nyuma ya daftari la chuo, kisha akawasha Wi-Fi tena.

Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi wakati herufi zinavimba kwa mara ya pili. "Si ilikwisha kupona hiyo? Mbona unaichokonoa?"

"Naangalia kitu, mama. Itarudi."

Ilirudi. Raba ilikuwa bado kwenye mkebe wa penseli, na meno ya kadi hayakuguswa.