Aliyejua Akanyamaza

Mwaka 1973 televisheni ya Uswidi ilionyesha mchezo wa Ingmar Bergman, wenye sehemu sita, juu ya ndoa ya Johan na Marianne. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, wala haikuipata hadi mwaka 1994. Watu wa Handeni na Korogwe walisikiliza michezo yao kwa redio. Hata hivyo limo katika mchezo huo jambo ambalo mzee yeyote wa Kizigua au wa Kisambaa angalilitambua bila mkalimani.

Katika sehemu ya tatu Johan anamwambia mkewe usiku kwamba anampenda msichana aitwaye Paula, na kwamba kesho yake anaondoka naye. Marianne, ambaye kazi yake ni uwakili wa mambo ya talaka, anamsaidia mumewe kufunga sanduku. Mume akiisha kwenda, anampigia rafiki simu apate faraja. Ndipo anapogundua kuwa rafiki zao walikwisha jua zamani. Hapo ndipo hasira yake inapopasuka. Kuachwa kumemwumiza, lakini kule kuketi meza moja na watu waliojua, naye peke yake hajui, kumemfedhehi.

Basi tujiulize: ajuaye uzinzi wa jirani yake akanyamaza, je, amekosa?

Katika Handeni swali hili lilipata uzito mpya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini na nyumba zikapangwa karibu karibu. Mtu aliyezoea kukaa na ukoo wake, mashamba yakimtenga na wengine, sasa alisikia mlango wa jirani ukifunguliwa usiku. Kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe hali ilikuwa nyingine. Manamba waliletwa kutoka mikoa ya mbali, wengi wakiwa wamewaacha wake zao kwao. Mmoja wao alipofanya nyumba ya pili kambini, walioona hawakumjua mke wa kwanza hata kwa jina. Kimya cha hao ni kimya cha wageni, nami siwezi kukiita dhambi. Ila yule aliyekula ubwabwa wa harusi, akashuhudia mahari ikitolewa, huyo hawezi kusema hayamhusu. Alialikwa awe shahidi, si mlaji tu.

Watetezi wa kimya nao wana hoja, tena nzito. Mpeleka habari huitwa mfitini, na mara nyingi ndivyo alivyo. Akikosea, amevunja nyumba ya watu kwa tetesi. Hata akisema kweli, watoto ndio watakaolala bila mama au bila baba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimtaji jirani huyu. Ilimpa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake; lakini mdai hapati kitu ikiwa mwenyewe aliridhia, wala halipi yule ambaye hakujua, na hakuwa na njia ya kujua, kwamba mwenzake ameolewa au ameoa. Sheria basi yapima ujuzi wa watu wawili, ikaishia hapo. Naona ilifanya vema, kwani kumtoza jirani kungegeuza kijiji kuwa cha wapelelezi. Lakini lisilo kosa mahakamani laweza kuwa kosa moyoni.

Wengine hupendekeza njia ya mshenga: aliyepeleka posa ndiye ampasaye kumwendea mkosaji kwa siri kabla mkosewa hajasikia. Njia hii yapendeza, nami ningeifuata. Tatizo ni kwamba kimya chetu hakikuwa sawa kwa wote. Kwa mila nyingi fidia ya ugoni ilikuwa ya mume. Mke hakuwa na wa kumdai. Mke alipokosea, habari ilifika kwa mumewe kabla ya jioni. Mume alipokosea, kijiji kizima kilikuwa na busara. Sheria ya 1971 ilipompa mke haki ile ile ya kudai, iliondoa tofauti hiyo kwenye maandishi. Vibarazani imekawia kuondoka. Kwa hiyo mwanafunzi atakayejadili swali hili darasani na amwulize mtetezi wa kimya: je, ungalinyamaza hivyo hivyo kama aliyezini angalikuwa mke?

Yalisemwa pia kwamba mchezo ule uliwafanya Waswidi waachane kwa wingi. Hoja hiyo haina nguvu, kwa maana sheria mpya iliyorahisisha talaka ilianza kutumika huko Januari 1974, na haifai kuitwika michezo mizigo ya mabunge.

Turudi kwa yule rafiki wa kwenye simu. Huenda angalisema mapema, na Johan akaondoka vile vile. Lakini Marianne angalijua yuko meza gani na anakula na nani, na pengine sanduku lile angalimwacha mumewe alifunge mwenyewe.