Daktari Aliyekuwa na Hoja

Majuzi kijana wangu alinionyesha kwenye simu filamu ambayo mimi niliiona zamani sana: Coma, ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Michael Crichton kutokana na riwaya ya Robin Cook. Nikakaa nikairudia yote.

Kisa chenyewe kiko Boston, Marekani. Rafiki ya daktari kijana, Susan Wheeler, analazwa kwa upasuaji mdogo tu, haamki tena. Susan anachimbua, anakuta wagonjwa wengine wenye afya zao wamepatwa na hayo hayo, wote katika chumba cha upasuaji namba 8. Kumbe wanavutishwa kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya jiko la makaa linaloua watu wakilala nalo ndani. Halafu viungo vyao vinauzwa. Na anayeongoza yote ni Dakta Harris, mkuu wa upasuaji, mzee mpole ambaye Susan alikuwa akimkimbilia kwa ushauri.

Zamani niliogopa ile miili inayoning'inia kwa nyaya. Safari hii niliogopa maneno ya Harris. Hapayuki. Anasema kuna maamuzi mazito, jamii haiwezi kuyafanya, basi lazima mtu ayafanye. Kayafa naye aliongea hivyo, kwa sauti ya mtu mwenye busara.

Niliogopa kwa sababu nimewahi kuongea hivyo mwenyewe, kimoyomoyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilishika hela za harambee ya matibabu ya mama mmoja. Hali yake ilikuwa mbaya, na watu walinong'ona kwamba hatapona. Wakati huo huo kulikuwa na mvulana anayefukuzwa shule kwa karo. Nikatoa shilingi 40,000 kwenye zile za mama, nikalipa karo. Sikumwambia mtu. Sikula hata shilingi moja, na hapo ndipo nilipojificha miaka yote. Mama alifariki. Mvulana alimaliza shule, leo ana kazi, akinipata njiani ananisalimia kwa heshima.

Sasa hebu niambie, nilikosea wapi? Hesabu yangu haikuwa mbaya. Sijui kama hela zile zingemwokoa. Lakini Harris alihitaji gesi ili wagonjwa wake wasiulizwe chochote. Mgonjwa wangu alikuwa macho. Jumapili ile nilikuwa nimeketi kitandani pake wodini tukiongea habari za mahindi yake, na bahasha iko mfukoni mwangu.

Wiki iliyopita nilimtafuta binti yake nikamweleza yote. Nilijiandaa kutukanwa. Alinyamaza kwa muda, akapangusa macho na kona ya leso.

“Si ungemwuliza tu,” akasema. “Mama angekubali.”