Frateri, Pyongyang kuna watu wangapi?



Kijana mwenzangu, leo naanza na jambo ambalo nimeshalipeleka kwenye kitubio, kwa hiyo naweza kuliandika hapa bila aibu kubwa.

Ilikuwa Oktoba 31, 2024, jioni. Mafrateri tulikuwa ukumbini tunaangalia taarifa ya habari. Siku hiyo Korea Kaskazini ilikuwa imerusha kombora jipya la masafa marefu, Hwasong-19. Lilikaa hewani kama dakika 86, likapanda zaidi ya kilomita 7,000 kwenda juu, kisha likaanguka baharini upande wa magharibi wa kisiwa cha Hokkaido, Japani. Ili uelewe hiyo ni juu kiasi gani: kile kituo cha kimataifa cha anga za juu wanakokaa wanaanga kiko kama kilomita 400 tu. Walilirusha karibu wima makusudi, lisivuke nchi za watu. Wataalamu wakasema likilazwa kidogo, linaweza kufika mji wowote wa Marekani.

Basi ukumbi ukachangamka. Kila frateri akawa jenerali. Na mimi, mwenye digrii yangu ya falsafa, nikasema kwa sauti: "Marekani wanangoja nini? Wangewafuta tu hao, dunia ipumue." Watu wakacheka. Nikajiona nimeongea.

Pembeni, karibu na dirisha, alikuwa amekaa padri mmoja mzee, mlezi wetu. Huwa hachangii mijadala ya televisheni. Mara nyingi tunadhani amelala. Akasema taratibu: "Frateri, Pyongyang kuna watu wangapi?"

"Sijui, Padri."

"Kaangalie. Halafu uje uniambie tuanze na yupi."

Kengele ya sala ikagonga. Nilisali zaburi za usiku ule kwa mdomo tu.

Sasa, kabla sijaendelea: wengine mlinitumia ujumbe mkiuliza kama haya makombora ndiyo Ufunuo unatimia. Siandiki kuhusu hilo leo. Wala siwacheki wanaoogopa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hofu ni mguso wa moyo mbele ya baya lijalo ambalo ni vigumu kuliepuka. Kwa yenyewe si dhambi. Na wenzetu wana sababu ya kuogopa. Asubuhi ya Agosti 29, 2017 watu wa kaskazini mwa Japani waliamshwa na tahadhari kwenye simu na ving'ora, kwa sababu kombora la Korea Kaskazini lilikuwa linapita juu ya Hokkaido. Januari 13, 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za watu wa Hawaii zililia: kombora linakuja, tafuteni mahali pa kujificha, haya si mazoezi. Wazazi waliwapigia watoto kuwaaga. Picha za video zilionyesha mtoto akishushwa kwenye shimo la mtaro wa barabarani. Zilipita dakika 38 ndipo ujumbe wa pili ukaja kwenye simu zao: hakuna kombora. Yalikuwa makosa ya mfanyakazi wakati wa zoezi.

Dakika 38. Mimi hizo dakika zinanisumbua kuliko kombora lenyewe.

Maana tufanye ilikuwa kweli. Tufanye kombora liko njiani na wewe ndiye umeshika kitufe cha kujibu. Silaha yako ya nyuklia ilijengwa ili adui aogope asirushe. Sasa amesharusha. Ukibonyeza, humwokoi mtu hata mmoja wa Hawaii kwa kuuchoma mji mzima wa watu ambao hawakuulizwa lolote na serikali yao. Kazi ya kutishia imekwisha. Kilichobaki ni kisasi. (Kulitungua kombora njiani ni jambo jingine, huko ni kujilinda na sina ugomvi nako.)

Lakini ngoja, hapa ndipo pagumu. Ili tishio lako liaminike leo, lazima leo hii uwe umekwisha kuamua kwamba siku hiyo utabonyeza. Yaani mtu anayelindwa kwa njia hii anaishi kwa amani juu ya uamuzi, uliokwisha kufanywa, wa kuua watoto wa mwenzake.

Frateri mmoja darasani kwetu alinipinga: "Kutishia siyo kuua." Nikampa mfano huu. Unamwambia jirani yako, ng'ombe wako wakiingia shambani kwangu nitawachoma wanao. Unanunua petroli, unaiweka mlangoni. Unamfundisha na mdogo wako namna ya kuwasha, ikitokea wewe haupo. Ng'ombe hawaingii. Miaka kumi inapita, hakuna aliyechomwa, mnasalimiana vizuri njiani. Je, nyumbani kwako kuna amani? Akasema labda jirani huyo anatania tu, moyoni hana nia hiyo. Sawa, labda rais anatania. Ila askari aliye chini ya bahari kwenye nyambizi hatanii. Yeye kazi yake yote ni kuwa tayari kutii. Na Bwana wetu, kwenye hotuba ya mlimani, Mathayo sura ya 5, hakuianzisha amri ya kutoua kwenye mkono. Aliianzisha moyoni.

Frateri yule hakukubali moja kwa moja, na nakiri hoja yake ya pili ni nzito: mbona tangu 1945 hakuna bomu la nyuklia lililopigwa vitani tena? Si vitisho hivyo vimetulinda? Kanisa lenyewe halikulifikia jambo hili kwa mbio. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani uteketezaji wa miji mizima pamoja na wakazi wake (Gaudium et Spes, namba 80). Mwaka 1982 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake kwa Umoja wa Mataifa, aliona kutishiana huko kunaweza bado kuvumilika, lakini kama hatua tu ya kuelekea kupunguza silaha. Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda mbele zaidi: Hiroshima, Novemba 24, 2019, alisema hata kuzimiliki tu silaha hizi ni kinyume cha maadili. Kutoka 1982 hadi 2019 ile hatua ilikuwa imegeuka makazi.

Kipimo hichohicho kinamhusu Kim Jong Un, tena bila punguzo. Jaribio la kombora lile ni petroli mlangoni kwa watu wa Seattle na Tokyo. Na mimi niliye huku, kama kilomita elfu kumi kutoka Pyongyang, naongea kwa bei rahisi. Mkorea wa Seoul hana bei hiyo. Mpaka uko kama kilomita 50 kutoka kwake, na vita ya 1950 hadi 1953 ilisimama kwa mkataba wa kusitisha mapigano, mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo.

Lakini angalia hao wa Seoul wanafanya nini. Mwaka 1949 serikali ya kaskazini ilimkamata Askofu wa Pyongyang, Francis Hong Yong-ho. Hakuonekana tena. Kitabu cha mwaka cha Vatikano kiliendelea kumwandika kuwa ndiye askofu wa jimbo hilo, hajulikani alipo, mpaka mwaka 2013, wakati angekuwa na zaidi ya miaka 100. Jimbo halikufutwa, Askofu Mkuu wa Seoul ndiye anayelisimamia, jimbo ambalo hawezi kukanyaga. Na tangu 1995, kila Jumanne jioni, Kanisa Kuu la Myeongdong linaadhimisha Misa ya kuombea upatanisho na hao wa kaskazini. Hao hao wenye makombora. Agosti 2027 Siku ya Vijana Duniani itafanyika mji huohuo wa Seoul, na baadhi yenu mmeshaanza kuniuliza habari za nauli.

Nilirudi kwa padri baada ya siku tatu.

"Kama milioni tatu, Padri."

"Umeamua tuanze na yupi?"

Nilicheka kidogo, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akanisubiri nijibu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akafungua breviari yake.

Jioni ya Jumanne ya Seoul ni mchana wetu, wakati sisi tuko mezani. Siku hizi Jumanne, maharage yakipita, nasema Salamu Maria moja kimya kimya kwa ajili ya Pyongyang. Wiki ya kwanza sikuweza kuimaliza kwa hasira. Ya pili nilisahau. Juzi nimeikumbuka tukiwa tayari tunaosha sahani, nikaisemea hapohapo kwenye karo.

Tuombeane.