Maulidi ya Pwani na Swali la Bidaa

Maulidi ni mkusanyiko wa kusoma habari za kuzaliwa kwa Mtume Muhammad, kumsalia na kuomba dua. Katika pwani ya Afrika Mashariki husomwa zaidi mwezi wa Mfungo Sita, lakini pia katika akika, harusi, au mtu anapohamia nyumba mpya. Kitabu kilichoenea zaidi ni Barzanji, kilichotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 18 na Jaafar al-Barzanji, mwanachuoni wa Madina. Sharifu Mwenye Mansabu wa Lamu (1828–1922) alikifasiri kwa ushairi wa Kiswahili, na wasiojua Kiarabu wakapata kufuata kinachosomwa.

Msomaji mmoja husoma mlango, waliokaa wakaitikia kwa kumsalia Mtume, kisha mwingine akapokea. Chetezo cha udi hupitishwa mkono kwa mkono, na watu hurashiwa marashi. Kisa kikifika penye kuzaliwa, wote husimama na kuimba salamu. Hicho ndicho kiyamu. Baada ya dua hufuata halua na kahawa.

Kule Lamu, maulidi yalipata sura nyingine kwa Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha. Yeye alieneza maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, yanayosomwa kwa matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa na matari kuingia msikitini. Ila ugomvi haukuwa wa matari peke yake. Habib Swaleh aliwasomesha pia watu wa tabaka la chini, wakiwamo wenye asili ya utumwa, na hilo liligusa heshima za watu. Hadi leo wageni humiminika Lamu kila mwaka kwa maulidi hayo.

Swali la bidaa, yaani uzushi katika dini, ni zito: je, mja anaweza kumkurubia Mungu kwa jambo ambalo Mtume hakulifanya wala hakuliamrisha? Wanaopinga hushika hadithi isemayo kuwa kila la kuzushwa katika dini ni upotofu. Tena maswahaba, waliompenda Mtume kuliko watu wote, hawakusoma maulidi. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani ibada ikiachiwa matamanio ya watu hupoteza mipaka. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, ni miongoni mwa waliokemea bidaa kwa kalamu.

Wanaotetea hujibu kwamba si kila jipya ni baya. Khalifa Umar aliwakusanya watu nyuma ya imamu mmoja katika tarawehe, akauita mpango huo bidaa njema. Suyuti, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1505, aliandika fatwa akiyahesabu maulidi katika fungu hilo. Hutajwa pia kuwa Mtume alifunga Jumatatu, akieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Wapinzani nao husema: basi na ifungwe Jumatatu, kama alivyofanya yeye.

Ukiyapima yote, jambo la kuamua ni jinsi msomaji anavyoyachukulia maulidi. Akiyaona ni faradhi, au akidhani kiyamu kina hukumu ya rukuu, ameongeza katika dini, na wapinzani wana haki ya kumkataza. Akiyafanya njia ya kuwafundisha watoto sira na kuwalisha majirani, basi kusoma, kusalia, kuomba na kulisha ni mambo ambayo kila moja lina asili katika sheria. Kilichopangwa na watu ni wakati na namna. Mabishano haya yamo katika matawi ya dini, si katika misingi yake. Asiyesoma maulidi hapungukiwi na Uislamu wake, na anayesoma hastahili kuitwa mshirikina kwa kusoma tu.