Chuo na Amri ya Mtawala

Je, chuo hutengenezeka kwa amri? Mwaka 1895 Sheikh Muhammad Abduh aliingia katika baraza la kuisimamia Al-Azhar, huko Misri. Alitaka mishahara ya waalimu iwe na kanuni, na zisomeshwe hesabu na tarekhe. La mishahara lilikuwa jepesi, kwani nani aukataaye mshahara? Uzito ulikuwa nyoyoni: wanazuoni wengi waliona yavunjiwa heshima yale waliyoyapokea kwa masheikh wao. Naye aliegemea nguvu za Khedive Abbas Hilmi. Khedive alipomgeuka, hapakuwa na ukuta mwengine. Mwaka 1905 alijiuzulu, na mwaka huo huo akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Waliosalia kuiendeleza kazi ni wanafunzi wake, nao hakuwapata kwa amri, bali kwa kukaa nao katika darasa ya tafsiri.