Bibi wa Karatasi

Mwalimu wa chekechea alituma ujumbe siku ya Ijumaa: kila mtoto alete pambo moja la Halloween alilotengeneza nyumbani, lisiwe la kununua. Dada aliusoma akiwa amesimama, viatu vya kazi vimeshavaliwa, kisha akanikabidhi simu. "Hili lako, msomi. Mimi niko zamu ya usiku wiki nzima." Dada anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Columbus, Ohio. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, nalala chumba kimoja na watoto wake, na kodi yangu ni hii: wakitoka shule, ni wangu.

Shemeji alikuwa mezani anakula. Aliweka masharti bila kuinua kichwa. Buibui, sawa. Popo, sawa. Boga, sawa. Mafuvu na mizuka, hapana. "Mambo ya maiti hayachezewi," alisema. Dada akamjibu kwamba hata Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake, na mmojawapo alikuwa farasi mwenye mabawa. Shemeji akasema farasi si maiti. Niliona wote wawili wana hoja, nikanyamaza, kama inavyompasa mtu anayelala kwa watu.

Jumamosi tukatandaza magazeti mezani. Kwa asiyewahi kuzifanya kazi hizi, nazieleza, maana vifaa vyake vimo ndani ya nyumba yoyote. Boga ni sahani ya karatasi iliyopakwa rangi ya machungwa, ikabandikwa macho ya pembetatu. Buibui ni sahani hiyohiyo ikipakwa nyeusi, na miguu yake ni vipande vya karatasi vilivyokunjwa huku na huku ili vicheze ukimning'iniza. Mdogo, mwenye miaka minne, alimpa wake miguu sita. Kaka yake, ambaye ametimiza sita, alimwambia buibui ana minane, akajibiwa kwamba huyu bado anakua. Popo ndiye mtamu kuliko wote. Unachukua kile kibomba kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, unabonyeza ukingo wa juu uingie ndani, mbele na nyuma, na pembe mbili zinasimama zenyewe. Hizo ndizo masikio. Ukishapaka rangi nyeusi, unabaki kubandika mabawa tu.

Nilipokuwa nakata mabawa hayo nilimkumbuka mama. Alitusimulia mara nyingi jinsi mwaka 1995, kwetu Unguja, watu walivyolala nje kwa makundi, moto umewashwa, kwa hofu ya Popobawa. Yeye alilala uani kwa mama yake, amemkumbatia Dada ambaye wakati huo alikuwa mchanga. Na sasa binti wa mchanga yule alikuwa amekaa mbele yangu, ulimi nje, anampaka gundi popo wa karatasi ya chooni. Nilicheka peke yangu. Nikajiuliza kama mama angecheka pia. Mama alifariki mwezi Machi.

Juma lile nilikuwa nasoma Jamhuri ya Plato kwa ajili ya darasa la Jumanne, na nilishangaa kumkuta Shemeji humo. Plato hataki akina mama wawatishe watoto kwa hadithi za miungu wanaozurura usiku kwa sura za watu wageni. Baadaye anataka hata majina ya kutisha ya kuzimu yafutwe kwenye mashairi, kwa sababu anayelelewa awe mtu huru anapaswa kuogopa utumwa kuliko kifo. Kwake hofu si mchezo. Ukiipanda kwa mtoto, utaivuna kwa mtu mzima. Mwanafunzi wake Aristotle aliliona jambo kwa upande mwingine. Alisema tunafurahia kutazama picha zilizochorwa vizuri za vitu ambavyo vyenyewe vinatuumiza kuvitazama, kama wanyama duni na maiti, kwa sababu kutazama ni namna ya kujifunza. Wanyama duni na maiti: ungedhani naye alikuwa dirishani kwetu, anapita mitaa ya Columbus mwezi wa Oktoba.

Nilikuwa upande wa Aristotle. Nilikuwa nimeshaandika aya mbili nzuri za kumtetea. Katika aya hizo nilieleza kwamba zimwi la karatasi ni zimwi lililofugwa, na kwamba wazee wetu walilijua hilo waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtoto aliyeshika mkasi, niliandika, ndiye anayeamua meno ya zimwi yawe mangapi.

Kisha Mdogo akamaliza popo wake, akavuta karatasi laini ya kufutia pua kutoka kwenye boksi, akaiweka juu ya bonge la pamba, akaikusanya chini ya bonge na kuniomba uzi. Nilimpa. Alizungusha uzi shingoni, nikamsaidia kufunga fundo. Ndivyo watoto wengi wanavyotengeneza mzuka, na huenda aliuona shuleni. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kumficha Shemeji asiuone. Mtoto akamlaza yule mtu mweupe juu ya gazeti, akamnyoosha, akasema, "Huyu Bibi."

Lazima nieleze alichokuwa amekiona. Mama alipofariki sikwenda. Viza yangu ilikuwa na matatizo na nauli sikuwa nayo. Dada naye alikuwa hivyohivyo. Tulikaa kwenye kochi hilihili saa tisa za usiku, kwa saa za huku, tukitazama msiba wa mama yetu kwenye WhatsApp. Mtu mmoja wa nyumbani alitaka tumuage, akaingia na simu chumbani. Kwa muda mfupi tulimwona amelala, ameshakafiniwa, mweupe wote. Halafu watu wakamkemea aliyeshika simu, na tukabaki tunaangalia dari na feni. Hatukujua kwamba Mdogo ameamka na amesimama nyuma ya kochi. Alipouliza, Dada alimwambia Bibi amelala. Juma lililofuata alipouliza tena, nilimwambia amesafiri.

Kwa hiyo aliposema "Huyu Bibi," nilifanya jambo ambalo nimelifikiria kuliko chochote nilichosoma mwaka huu. Nilimnyang'anya. Nilisema, "Hapana, si Bibi, huu ni mzuka tu, na mizuka haipo kweli." Nikautia mfukoni mwa sweta.

Kaka yake aliinua macho kutoka kwenye gundi. "Kwa hiyo Bibi hayupo kweli?"

Sikujibu. Niliwaambia wakanawe mikono.

Usiku, walipolala, nilijaribu kupata nilikokosea. Halloween yenyewe haikuwa ya kulaumiwa. Jina lake linatokana na mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, inayoadhimishwa tarehe 1 Novemba. Nyingi ya desturi zake zilikuja na wahamiaji wa Ireland na Scotland, ambao kwao walichonga sura kwenye mizizi migumu ya tanipu, na walipofika Marekani wakakuta boga, kubwa na rahisi kuchonga. Hata mzuka wa shuka jeupe una asili yake. Uingereza ya zamani maskini wengi hawakuzikwa na jeneza. Walifungwa sanda, fundo juu ya kichwa na fundo chini ya miguu. Katika karne ya 17 kulikuwa hata na sheria iliyolazimisha sanda iwe ya sufu. Waliposimulia au kuchora mzuka, walimwonyesha mtu kama alivyozikwa.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu. Watu hawa waliiacha sanda, mzuka wakabaki nao. Mtoto wa Ohio anayejifunika shuka lenye matundu mawili havai nguo ya mtu yeyote anayemjua. Kwetu sanda bado ni sanda. Mdogo alipoikunja karatasi ile alikuwa anatengeneza kitu alichokiona kwa macho yake, na alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa na aya mbili za kusifu kujifunza kwa kutazama, na mtoto alipotazama, nikamnyang'anya alichokitazama.

Shemeji angesema nilifanya vyema. Nataka kuitendea haki hoja yake, kwa sababu sidhani kwamba ni ushamba. Anasema aliyekufa hawezi kujitetea. Aliye hai ukimfanyia mzaha atakujibu; maiti hana mdomo, na ndiyo maana tunamsitiri, tunamwosha chini ya shuka ili hata waoshaji wasimwone bure. Kumgeuza kuwa kitu cha kuning'inizwa dirishani ni kumvua sitara. Naikubali hoja hiyo yote. Nikipita kwenye nyasi za jirani yetu na kuona mifupa ya plastiki imekaa kwenye viti, imeshikishwa glasi za pombe, moyo wangu hukaa upande wa Shemeji.

Lakini heshima ni deni la anayejua. Huwezi kumdai mtoto heshima kwa maiti ambaye umemwambia amesafiri. Mdogo alikuwa na kitu cheupe kichwani mwake tangu Machi, bila jina, na watu wazima wawili aliowaamini walikuwa wamempa majina mawili ya uongo. Alipopata karatasi na uzi, alikipa kitu hicho jina lake la kweli. Hakumchezea Bibi. Alikuwa mtu wa kwanza ndani ya nyumba ile kumtaja kama alivyokuwa.

Tena kile nilichokisema kilikuwa kibaya kuliko kumnyang'anya. "Haipo kweli" ni maneno yanayofaa sana kwa mtoto anayeogopa. Kwa mtoto anayeomboleza ni sumu. Hofu inataka kuambiwa kwamba kitu hakipo. Huzuni inataka kuambiwa kwamba kilikuwepo. Nilikuwa nimetumia dawa ya hofu kutibu huzuni, na si ya mtoto peke yake. Mimi mwenyewe kwa miezi saba nilikuwa nimeishi kama mtu ambaye mama yake amesafiri.

Jumapili asubuhi, kabla Dada hajarudi, nilimtoa mfukoni. Shingo yake ilikuwa imelegea. Nilimwambia Mdogo, "Nisamehe. Ulisema kweli, huyu ni Bibi." Nikawaeleza wote wawili. Kwamba Bibi amekufa, na kufa si kulala, kwa kuwa aliyelala huamka. Kwamba mizuka ya madirishani ni mchezo wa kubuni, lakini Bibi alikuwa mtu kweli, alitukaanga samaki na kutusuka nywele. Kwamba nguo ile nyeupe inaitwa sanda, na mwanamke huvikwa nguo tano. Kwamba waliomwosha ni shangazi na wanawake wengine waliompenda, na walimtia karafumaiti ili anukie vizuri.

Kaka aliuliza kama mimi nami nitakufa. Nilisema ndiyo, na kwamba natumaini ni baada ya muda mrefu. Mdogo aliuliza swali moja tu. "Alisikia baridi?" Baridi ya Ohio ndiyo adui mkubwa anayemjua. Nilimwambia mtu akishakufa hasikii baridi wala maumivu. Alifikiri, kisha akaenda kwenye kapu la vitambaa, akarudi na kipande cha kanga kuukuu ya mama yake, akamfunika hata hivyo.

Jioni Shemeji aliikuta sahani ya karatasi mezani na ndani yake mtu mweupe chini ya kanga. "Nini hiki?" aliuliza, na sauti yake nilikuwa nimeitarajia. "Bibi," Mdogo alimjibu. "Ameshaoshwa." Shemeji alisimama. Alinitazama, akamtazama mtoto. Nilikuwa tayari kwa hoja, nilikuwa na Plato na Aristotle wote mkononi. Yeye alisema tu, "Mwenyezi Mungu amrehemu," akakihamisha kikombe chake cha chai kikae mbali na ile sahani, kisimwagikie.

Sijui kama amebadilisha msimamo wake, wala mimi sijauacha wangu wote. Jumatatu watoto walipeleka shule popo na buibui wa miguu sita. Bibi alibaki nyumbani, na hakuna aliyesema anafaa kuning'inizwa.

Ulipofika usiku wenyewe, ambao huku wengi huuita Usiku wa Ombaomba, Dada alipata ruhusa tukatoka sote. Mdogo alivaa mabawa ya kipepeo juu ya koti. Kugonga milango na kupewa kitu hakukuwa kugeni kwake. Aliuliza kama huu ni mkono wa Idi. Tukafika kwa yule jirani mwenye mifupa ya plastiki vitini. Watoto wengine walikuwa wanaivuta mikono na kucheka. Mdogo alisimama mbele ya mmoja, akaushika mkono wangu.

"Huyu ni bibi wa nani?"

Nilimwambia si wa mtu, ni plastiki, imetoka dukani. Alikubali. Lakini alipopita aliinamisha kichwa na kukanyaga polepole, kama watu wanavyopita penye makaburi, na mimi nikajikuta napita vivyo hivyo.