Haki ya Kiumbe Asiyejulikana Bado

Ndugu zetu Waislamu, siku hizi khabari za maji yaliyo nje ya dunia hii zimekuwa nyingi, na watu wa barazani wamehitilafiana. Huyu asema kutafuta uhai huko ni kujiingiza katika siri ya Mwenyezi Mungu. Yule asema uhai hauna budi kuwapo, kwani Sura ya Anbiya imetufahamisha kuwa kilicho hai asili yake ni maji. Wote wawili wamepita mpaka. Wa kwanza ameisahau Sura ya Shura, inayotaja viumbe walioenezwa mbinguni na ardhini, ijapokuwa wafasiri wana maneno mengi juu yake. Wa pili amegeuza maana: si kila penye maji pana kiumbe.

Mwenye kutaka ushahidi na ateremke kutoka Mkumbi, katika milima ya Mbinga, mpaka Ziwa Nyasa, ambalo wazee wetu wa pwani walilivuka kwa majahazi katika biashara ambayo nyingine yake, wallahi, haisifiki. Penye mawe ataona mbuna, samaki wadogo ambao mama huatamia mayai yake kinywani. Na majabali haya yana aina zake, na yale yana zake. Aina za samaki wa ziwa hili zapita 800, na karibu zote hazipatikani penginepo. Lakini kina chake chafika mita 700 hivi, na chini ya mita 250 maji hayana oksijeni, samaki hawezi kukaa. Ziwa ni moja, na vilindi vyake havina samaki hata mmoja. Hata hivyo vimo vijidudu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo havihitaji hewa hiyo.

Basi tukisikia kuwa chombo Cassini mwaka 2005 kiliona maji yakiruka kutoka nyufa za barafu ya Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, na kuwa mwaka 2023 wataalamu walitangaza fosforasi katika barafu hiyo, tusikanushe wala tusishangilie. Hapana aliyeona kiumbe humo.

Swali zito ni jingine: ikiwa yumo, tuna wajibu gani kwake kabla ya kumjua? Tumezoea kusema haki ya kiumbe aliye mbele yetu, kama paka aliyefungwa kwa njaa au punda aliyepakiwa kupita nguvu zake. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, wala haikushurutishwa kwanza kumwona atakayeyajia. Haki ilimtangulia mwenyewe.

Na tuliiona hasara ya kupuuza haya. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria, na furu wa ziwa lile walikuwa hawajajulikana hata nusu. Kufikia miaka ya 1980 aina zao nyingi, zikadiriwazo 200, zilikuwa zimetoweka. Nyingine hazikupata hata jina. Atasema mtu: sangara ameleta riziki. Ni kweli, ameleta, na watu wa Mwanza wanaijua. Lakini riziki ya huyu haifuti swali la yule aliyeliwa, wala hapana aliyeuliza mapema.

Kwa hiyo sisi twawasifu wenye Cassini kwa jambo moja. Mafuta yake yalipokaribia kwisha, mwaka 2017, walikitumbukiza ndani ya Zohali kiteketee, kisije kikaangukia Enceladus na vijidudu vya dunia. Waliharibu mali yao kwa ajili ya jirani ambaye hawana yakini kama yupo. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1967 nayo yanakataza kuzichafua nyota hizo.

Chombo kingine, Europa Clipper, kiliondoka Oktoba 2024 kuelekea Europa, mwezi wa Mushtarii, ambao bahari iliyo chini ya barafu yake inakisiwa kuwa na maji mara mbili ya bahari zetu zote. Kinatarajiwa kufika mwaka 2030, na hakitatua; kitapita karibu mara 49 na kutazama tu. Watakaotaka kuitoboa barafu ile watakuja baadaye, nao ndio wapaswao kuulizwa tangu sasa.